Matenga Mawili Kutoka Liuli

Mama mkwe wangu alishuka kwenye basi la Liuli na matenga mawili ya kuku wiki ileile niliyokabidhiwa kipaza sauti niwatangazie watu wa Mbinga kwamba kuku wasihamishwe. Nilikuwa sijaanza kutangaza, kwa hiyo huwezi kusema alivunja agizo. Nililifikiria jambo hilo nikiwa nimesimama stendi, namtazama kondakta akiyashusha matenga kutoka juu ya basi. Jogoo mmoja alikuwa ametoa kichwa kwenye upenyo wa fito, anautazama mji kama mtumishi aliyehamishwa kikazi bila kuulizwa.

Niseme mapema mimi ni nani, maana yaliyofuata yote yalitokana na hilo. Mimi ni afisa afya. Nakagua kile ambacho watu wanatia mdomoni: bucha, migahawa, vibanda vya chipsi, majiko ya shule. Kwetu ni Singida. Mbinga nililetwa na barua ya serikali na nikabakizwa na mwanaume, Mnyasa wa Liuli, mwalimu wa sekondari kule Kingerikiti, ambaye hurudi nyumbani Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili mchana. Nyuma ya nyumba yetu nina banda la kuku wa mayai. Si la kujifurahisha. Ndilo linalosomesha watoto wetu wawili, na ndilo lililoezeka nyumba tunayolala.

Banda hilo lina sheria. Mlangoni pana beseni la dawa ya kuua vijidudu, na anayeingia anakanyaga humo akiwa na gambuti za humohumo bandani. Anayeingia ni mimi. Hapa kwetu mgeni akisikia una kuku wengi ataomba akawaone, kama anavyoomba kumwona mtoto mchanga, na mwenyeji mwema humpeleka. Mimi sikumpeleka mtu. Nilishamzuia diwani, nilishamzuia mlezi wa kwaya, na nilishamzuia dada wa mume wangu aliyekuja amevaa viatu vipya akidhani tatizo ni viatu. Mtaani wakasema naringa. Wengine wakasema kuna kitu nakificha bandani. Nilikuwa naficha kuku wazima, na nilitaka waendelee kuwa hivyo.

Sasa, redio ilikuwa imetangaza kwamba mafua ya ndege yameonekana katika nchi fulani ya mbali. Habari hiyo ilipofika Songea nchi ilikuwa imesogea. Ilipofika Mbamba Bay ilikuwa jirani, na ilipoingia Liuli ugonjwa ulikuwa tayari uko ng'ambo ya ziwa, na ng'ambo ya ziwa watu wa Liuli wanaiona kwa macho asubuhi isiyo na ukungu. Watu wakafanya wanachofanya siku zote wakisikia ugonjwa wa kuku: wakaanza kuwatawanya. Kule mtu haweki kuku wake wote ua mmoja. Mtetea mmoja anamweka kwa dada yake, mwingine kwa mkwe huko milimani, ili ugonjwa wa mdondo ukipita na kufagia ua wake, mbegu ibaki mahali. Ni akili nzuri sana. Ndiyo pia njia ambayo ugonjwa unasafiri, tena kwa nauli iliyolipwa. Nimelisema hili kwenye mikutano mingi. Watu hunisikiliza, hukubali, na kesho yake hupeleka kuku kwa shemeji.

Kwa hiyo pale stendi sikuhitaji kuelezwa. Nilijua mama amekuja kuficha kuku wake kwangu, hatua chache kutoka kwenye banda langu.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Wanakula?"

"Hawajambo. Wanakula vizuri. Mama, hawa kuku..."

"Ni wote," alisema. "Sikubakiza hata kifaranga."

Alilisema bila huzuni, kama mtu anayetaja idadi ya mizigo yake. Mimi nilisikia uzito wake. Tangu baba mkwe afariki, mama alikuwa anaishi na kuku hao. Sabuni ilitoka kwao, chumvi ilitoka kwao, sadaka ilitoka kwao. Mitetea wa kwanza walinunuliwa na marehemu, na wale waliokuwa kwenye matenga walikuwa wajukuu na vitukuu wa hao. Mama hakuwa na mali nyingine inayotembea. Nikayaona mambo mawili kwa pamoja: kuku wake wakifa, mama hana kitu, kuku wangu wakifa, sisi hatuna kitu. Nikamwita kijana wa bodaboda ya matairi matatu, tukapakia matenga.

Lazima nieleze pia jambo la firigisi, maana lilikuwa limekaa kati yetu tangu harusi. Kwa akina mume wangu, kama ilivyo kwa watu wengi, firigisi ni ya baba. Mwanamke haiweki kwenye sahani yake, na mkwe mgeni hata haiangalii. Mimi nikiwa bibi harusi wa siku chache niliachiwa jiko pale Liuli, nikapika kuku, na kabla ya kupakua nikachukua firigisi, nikakata nusu, nikaila nione kama imeiva. Firigisi ni nyama ngumu. Yenyewe ikiwa imeiva, kuku mzima ameiva, na sijawahi kumpa mtu kuku ambaye sijathibitisha. Nilipoinua macho mama mkwe alikuwa mlangoni. Hakusema neno. Baba alipelekewa nusu firigisi, akaila, naye hakusema neno. Lakini habari za yule mkwe wa Singida aliyekula firigisi zilitembea pwani yote ya ziwa, na zilinisubiri kila nilipokwenda msibani au harusini. Sikuona kosa, na sioni mpaka leo. Mama ndiye aliyekuwa ananikumbusha kwa njia yake: kila kuku alipopikwa nikiwepo, alikuwa anaitoa firigisi chunguni mapema na kuifunika na bakuli.

Tulipofika nyumbani nilitoa magunia ya kahawa ya mume wangu kwenye stoo ya nje, nikamwaga maranda, nikawafungia humo kuku wa Liuli. Mama alisimama akinitazama navaa gambuti nyingine, glavu na barakoa ili niwape kuku wake pumba.

"Wananuka?" aliuliza.

"Hapana mama. Ni utaratibu."

"Haya. Leo tuchinje yule mweupe. Watoto wale."

Nikamwambia hachinjwi kuku kwanza. Wakae, tuwaangalie, tujue kama ni wazima.

"Wamesafiri wamesimama kutoka Liuli mpaka hapa," alisema. "Mgonjwa hasafiri hivyo."

Nilimpigia simu mume wangu. Nilimweleza kila kitu: ugonjwa, umbali wa stoo na banda, ukweli kwamba mimi ndiye nitakayesimama sokoni na kuwaambia watu wasifanye kile ambacho mama yake amekifanya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mama ni mama," alisema.

Kisha akasema kengele ya kipindi imelia. Ilikuwa saa ambayo hata mimi nilijua shule zimefungwa kwa chakula cha mchana.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na adabu nyingi mno. Mama alinisalimia vizuri, nilimsalimia vizuri, na kila asubuhi aliuliza kama kuku wake wameruhusiwa kuliwa. Nilijibu bado. Aliitikia na kwenda kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Kisha nikagundua watoto hawali mayai. Kwetu yai ni chakula cha asubuhi, la sivyo nafuga kwa ajili ya nani? Nilikuta mayai ya kuchemsha yamefichwa nyuma ya debe la unga, mengine kwenye chungu cha maua, na moja kwenye mfuko wa sweta la shule, na hilo ndilo lililonielekeza.

"Bibi kasema tusile," mwanangu wa pili alinieleza. "Kasema tutaugua."

Hapo nilichukia. Nilichukia kwa kweli. Nimesomea usalama wa chakula. Kuku wangu wamechanjwa, maji yao yametibiwa, trei za mayai nafuta kwa mkono wangu. Halafu kuku aliyelala juu ya mti, akala samaki waliooza ufukweni na kunywa dimbwi moja na bata wa jirani, ndiye anayeitwa safi kwa sababu ni wa kienyeji. Niliyahesabu hayo yote kichwani wakati nakunja nguo. Kwa mama sikusema kitu. Nilimwambia tu kwamba chakula cha jioni kiko tayari, na nadhani nilimwambia kwa sauti ya kuwaita watu kwenye kikao.

Siku ya mkutano wa sokoni ikafika. Mama akavaa kitenge kizuri, akaja kunisikiliza. Akina mama wanaouza mayai walimpisha akakaa mbele kabisa, akaweka mikono mapajani. Nilisema niliyotumwa kusema. Kuku wasihamishwe. Kuku aliyekufa asiliwe, asiuzwe, asitupwe mtoni. Afukiwe kwenye shimo refu au achomwe. Kisha nikafika kwenye jambo ambalo ndilo gumu kuliko yote kwetu, nalo ni kumuwahi. Kuku akianza kusinzia, mwenye nyumba anamuwahi na kisu kabla hajafa mwenyewe, maana aliyekufa mwenyewe ni hasara na aliyechinjwa ni kitoweo. Nikawaambia msimuwahi. Nikawaambia hatari kubwa haiko sana kwenye chungu, maana nyama iliyoiva vizuri moto wake unaua vijidudu. Hatari iko kwa yule anayechinja na kunyonyoa. Yeye ndiye anayeshika damu na matumbo, yeye ndiye anayevuta hewa ya manyoya. Huyo ndiye wa kwanza kuugua.

Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Afisa, kuku akisinzia mchana wa jua kali, huyo ni mgonjwa au ana usingizi?"

Hakuna aliyecheka. Walitaka jibu, kwa sababu ndiyo tofauti kati ya kitoweo na shimo. Nikajibu nilivyoweza. Mwingine akauliza kama si hawa kuku wa kisasa ndio wanaoleta ugonjwa, wanavyobanana bandani na kulishwa madawa. Nikasema ndege yeyote anaweza kuupata, ila ni kweli kwamba wakiwa wengi banda moja ukiingia unawamaliza upesi. Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokifuata. Halafu mwanamke mmoja akauliza: na wale ambao wameshahamishwa?

Mama alinitazama usoni moja kwa moja.

"Watengwe," nikasema, "wasichanganywe na wengine, na mwenye nyumba atoe taarifa."

Nilitoa taarifa alasiri ileile. Afisa mifugo ofisi yake iko mlango wa pili kutoka kwangu. Ni mtu wa Bukoba, mpole, anayeongea na kuku vizuri kuliko anavyoongea na watu. Alikuja, akawaangalia kuku wa mama stooni, akasema haoni dalili, waendelee kukaa. Mama akamkaribisha chai. Nilitumaini mambo yameishia hapo.

Hayakuishia hapo. Asubuhi moja niliingia bandani nikakuta mitetea wangu kadhaa wamevimba nyuso, pua zinatiririka, jicho moja limefumba, na kwenye viota mayai ni haba. Niliinama kumshika mmoja, akaacha nimshike, na kuku wangu hakubali kushikwa akiwa mzima. Kila kitu tulichokuwa nacho kilikuwa ndani ya banda lile kinapiga chafya.

Afisa mifugo alirudi. Safari hii hakuongea hata na kuku. Alichukua sampuli, akazifunga kwenye sanduku la barafu ziende maabara, na akatoa amri: kuku asitoke, kuku asiingie, kuku asichinjwe, yai lisiuzwe mpaka majibu yarudi. Nikamuuliza ugonjwa umetoka wapi. Akasema unaweza kutoka kwenye trei zinazokwenda sokoni na kurudi, kwenye gunia la pumba, kwa shomoro wanaoingia dirishani, kwa kuku wapya, au kwa wageni. Nikamwambia ataje mmoja. Akasema hatataja.

Mimi nilitaja. Niliwapigia wateja wangu simu nikawaambia wasije, kisha nikaenda uwanjani ambako mama alikuwa anachambua maharage, nikasimama mbele yake na gambuti zangu.

"Mama, kuku wako wameniletea ugonjwa."

Akaendelea kuchambua.

"Wangu wazima," alisema.

"Ndiyo. Wanaweza kubeba bila kuumwa. Nilisema tangu mwanzo."

"Ulisema."

Alitoa jiwe kwenye ungo, akalitupa pembeni. Niliondoka kwenda kupulizia dawa, nikiwa na hasira na yeye na huku nikijua kwamba maneno kama yale mkwe hasemi kwa mama wa mume wake, na akiyasema hayarudi.

Kesho yake nilikuwa na ukaguzi wa majiko ya shule kule Matiri. Nilikwenda kwa sababu ratiba ilikuwepo, na kwa sababu sikutaka kukaa nyumbani. Niliangalia sufuria za watu, nikasema yaliyo sahihi kuhusu stoo za mahindi, nikarudi alasiri. Kutoka barabarani nikaona moshi nyuma ya nyumba. Mawazo yangu yalikwenda kwenye banda, nikakimbia.

Banda lilikuwa zima. Moshi ulitoka karibu na stoo, ambako mama alikuwa amejenga kichanja cha miti mibichi, kama vile vya kubanikia samaki kule ziwani. Juu ya kichanja walikuwa kuku wake. Walikuwa wamepasuliwa mgongoni na kutandazwa wazi kama samaki aina ya mbasa, wametiwa chumvi, wamepangwa kwa mistari, na chini yake moto mdogo wa kuni za mparachichi unafuka. Mlango wa stoo ulikuwa wazi na ndani hamna kitu. Jogoo alikuwa mstari wa mwisho. Nilimjua kwa ukubwa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa kimefungwa kanga. Watoto hawakuwepo.

"Usisogee," aliniambia. "Sijaoga bado. Watoto nimewapeleka kwa jirani, nikawaambia wasirudi mpaka niite. Manyoya na matumbo nimefukia kwenye shimo, nimemwagia majivu. Shimo ni refu. Ulisema liwe refu."

"Mama, umefanya nini?"

"Nimewawahi."

Nilikaa chini palepale, kwenye nyasi. Nilimuuliza kwa nini, wakati kuku wake hawakuwa wagonjwa, na nilisema mwenyewe sokoni mbele yake kwamba watu wasiwawahi.

"Ulisema wasiwawahi walioanza kusinzia," alinijibu. "Hawa hawakusinzia. Wako ndio wanasinzia, na ulisema ukiingia banda moja unamaliza. Ukishamaliza wako utakuja kwa wangu. Sasa watoto wangekula nini?"

"Lakini uliwaleta uwafiche. Uliwaleta wapone."

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Niwafiche kwako?" alisema. "Mtu anaficha kuku kwenye nyumba yenye kuku wa kisasa? Kule kwetu walisema ugonjwa unaanzia kwenye haya mabanda makubwa. Nikasema basi mwanangu amekwisha, na watoto wamekwisha, kila siku mayai, kila siku mayai. Nikakusanya wote niwaleteeni mle mpaka upite. Siku ya kwanza nikasema tuchinje yule mweupe. Ukakataa. Kila siku nauliza, unakataa."

Nilikumbuka swali lake la stendi, kama watoto wanakula. Nilijiona mjinga, na nilimwonea uchungu kiasi kwamba sikuweza kumtazama. Nikatazama mikono yake. Ilikuwa mitupu, ina michirizi ya damu iliyokauka mpaka kwenye viwiko.

"Umewanyonyoa wote wewe peke yako?"

"Ulisema anayenyonyoa ndiye anayeugua. Nikangoja uondoke. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, wewe una watoto."

"Glavu zilikuwepo, mama. Pale kwenye msumari."

"Nimeziona. Ni za kazi yako, sikuzigusa."

Nilimchemshia maji, akaoga kwa sabuni mara mbili nikiwa nje ya mlango namwambia asugue kucha. Nguo zake nikaziloweka kwenye dawa ya banda. Kisha nikampigia afisa mifugo, kwa sababu amri yake ilikuwa imevunjwa nyumbani kwangu na nilikuwa na wajibu wa kusema. Alikuja, akakizunguka kichanja kile taratibu, mikono nyuma.

"Hawa walikuwa wangu wakiwa hai," alisema hatimaye. "Sasa ni chakula. Hiyo ni idara yako."

Alikuwa na haki. Sheria ninayoisimamia inanipa mamlaka ya kuzuia nyama na kuiteketeza, na nimeiteketeza ya watu wengi. Nilisimama mbele ya mali yote ya mama mkwe wangu, iliyotandazwa kwenye fito, nikatamka uamuzi kwa sauti kama ninavyofanya kwenye mabucha: nyama hii imezuiliwa, hailiwi wala haitupwi, mpaka majibu ya maabara yarudi. Mama akasema sawa. Akaongeza kuni, kwa kuwa nyama iliyozuiliwa nayo inahitaji moshi.

Nilianza kumpima joto kila asubuhi na kila jioni. Alikuwa anainua mkono, anakiweka kipimajoto kwapani, anakaa wima kama anayepigwa picha. Mume wangu alirudi Ijumaa, akakuta mama yake ana kipimajoto, mke wake ana barakoa na kichanja cha samaki kina kuku. Akauliza kuna nini. Tukamwambia hakuna.

Asubuhi mojawapo mama hakuamka kufagia. Nilimkuta amejikunja, meno yanagongana, na nilipomgusa mkono ulikuwa moto. Sitaficha, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Tulimpeleka hospitali, nikawaeleza kila kitu tangu matenga, wakamweka chumba cha peke yake. Mimi nikabaki kwenye korido na watu wengine, mimi ambaye hutoa maelezo kwenye korido hizohizo, nikalia na barakoa usoni mpaka ikalowa. Niliwaza kwamba kama atakufa, atakuwa amekufa kwa kunisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote pale sokoni. Mganga akatoka na karatasi.

Ilikuwa malaria. Aliitoa ziwani, akapanda nayo huku baridini. Sikudhani kuna siku nitamshukuru Mungu kwa ajili ya malaria, lakini nilimshukuru pale koridoni, kwa sauti, na watu wakageuka.

Alikuwa bado anameza dawa wakati majibu ya maabara yaliporudi. Haikuwa mafua ya ndege. Kuku wangu walikuwa na mafua yale ya kawaida ya kuku, yanayoletwa na bakteria, yasiyomdhuru binadamu na yanayotibika. Mitetea wachache walikufa, wengine wakapata dawa. Mayai ya kipindi chote cha dawa nilivunja na kufukia mwenyewe, maana yai lenye dawa haliliwi, na wateja wangu wakanisubiri. Ugonjwa ulitoka wapi sijui mpaka leo. Afisa mifugo bado hajataja. Nilimwomba mama msamaha kwa yale niliyomwambia akiwa na ungo wa maharage, naye akasema hayakumbuki, jambo ambalo si kweli.

Kuku wake kwa hiyo walikufa bure. Nilimwambia hivyo, maana kumficha nisingeweza. Akasema hakuna kuku anayekufa bure kama ameliwa. Alikuwa anapanga kurudi Liuli. Matenga matupu yalikuwa yamefungwa pamoja pembeni ya mlango, moja ndani ya jingine.

Jumamosi kabla ya safari nyama iliachiliwa rasmi, yaani niliisema kwa sauti tena, na mama akapika. Akaloweka wale wa moshi, akawaunga kwa nazi aliyoagiza kwa dereva wa basi. Nilikataa kuingia jikoni kwa sababu alisema nisiingie. Tukakaa mkekani, watoto, mume wangu na mimi. Mama akaleta ugali, akaleta nyama, akarudi jikoni, akatoka na bakuli lililofunikwa na bakuli jingine. Akalifunua. Zilikuwa firigisi zote, alizozikausha kwa moshi pamoja na nyama, za kila kuku aliyeshuka na basi lile, zimejaa mpaka juu.

Mume wangu alinawa upya, akanyoosha mkono. Ndiye baba mwenye nyumba, na hajawahi kuona neema kama ile. Mama akauondoa mkono wake bila kumwangalia, akalisukuma bakuli mkekani mpaka likagusa goti langu.

"Wewe ndiye mkaguzi," alisema. "Onja kama zimeiva."

Niliila ya kwanza nzima, mbele yake. Nilikuwa nalia na kutafuna kwa pamoja, kitu ambacho si salama, na watoto walikuwa wananitazama.

"Zimeiva, mama," nikamwambia.

"Haya, kula," alisema. "Nyingine hamna."